Mchicha na Matembele: Ipi Tuipande Kando ya Kisima?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, yaliyofanyika jioni baada ya kazi za shamba)

Tunajua wengi wenu mmetoka shambani moja kwa moja, na wengine hata uji hamjanywa. Basi hatutawaweka sana.

Leo tumekuja kuzungumza nanyi habari ya mboga mbili mnazozijua nyote, yaani mchicha na matembele. Msicheke. Mtu atasema, "Ati maofisa wa elimu wamekuja kutufundisha kuchuma matembele!" La, hatukuja kwa hilo. Kuchuma mnajua kutushinda. Tumekuja kwa sababu liko jambo.

Kikundi cha akina mama kimepewa na serikali ya kijiji kipande cha ardhi kando ya kisima. Kipande chenyewe si kikubwa, hatua 20 kwa hatua 15. Maji ya kisima wakati wa kiangazi ni ya kugawana, mnajua wenyewe. Sasa wanakikundi wamegawanyika. Wengine wanasema, tupande mchicha mtupu, tuuze mnadani, tupate fedha. Wengine wanasema, tupande matembele, watoto wapate kula. Maneno yamekuwa makali, hata mkutano uliopita ukavunjika. Mama mmoja mzee alimwambia mke wa mwanawe mbele ya watu, "Mwanangu, ukiuza mboga yote, wajukuu zangu watakula nini?" Naye akajibu kwa adabu, lakini akajibu: "Sawa, mama. Na madaftari yao tutanunua kwa matembele?"

Hapo kila mmoja alisema kweli. Ndiyo maana tukaona afadhali tuzipime mboga hizi mbili, kila moja kwa tabia yake, ndipo watu waamue.

Tuanze na mchicha.

Mchicha ni mboga ya haraka. Mbegu yake ni ndogo sana. Gramu moja tu ina mbegu zaidi ya elfu moja. Ukiimwaga hivi hivi kwa mkono, itaanguka rundo mahali pamoja, na pengine pasiote kitu. Kwa hiyo changanya mbegu na mchanga mkavu au majivu, kiganja kimoja cha mbegu kwa viganja vitano vya mchanga, ndipo unyunyize katika mistari. Mistari iachane kiasi cha shubiri moja. Funika na udongo kidogo tu, usizidi unene wa kidole kikiwa kimelala. Mbegu ikizama sana haitoki. Weka majani makavu juu, mwagilia taratibu, na siku ya tatu au ya tano utaona imechomoza. Hapo uyaondoe yale majani mara moja, maana mche usiopata jua huwa mrefu na dhaifu.

Halafu inakuja kazi ambayo watu wengi wanaionea uvivu. Kazi yenyewe ni kupunguza miche. Mtu anaona imeota imesongamana, anafurahi, anasema, "Mwaka huu Mungu amenijalia." Baada ya siku chache miche inaanza kulala chini, shina limeoza pale linapogusana na udongo. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, nao unapenda miche iliyobanana na udongo uliolowa kila saa. Basi ng'oa miche midogo, iache ile yenye nguvu kwa nafasi ya vidole vinne. Wala hiyo uliyong'oa haipotei. Ni mboga laini kabisa, ipeleke jikoni siku hiyo hiyo.

Mchicha unataka mambo mawili, mbolea na maji. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litake madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri. Tunasema iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche, tena huleta magugu. Maji nayo yataka kila siku wakati wa jua kali, asubuhi na jioni. Ukikosa kumwagilia siku tatu, mchicha hukasirika: unachanua ungali mfupi, majani yanakuwa machache na magumu, na biashara imekwisha.

Ukiutunza hivyo, wiki ya tatu au ya nne unavuna. Wapo wanaong'oa mche mzima na mizizi yake kwa ajili ya kuuza, maana mafungu ya namna hiyo hukaa bila kunyauka upesi. Wapo wanaokata shina na kuacha sehemu ya chini ichipue tena. Ukikata hivyo unaweza kuvuna mara tatu au nne kabla haujachoka. Kwa matumizi ya nyumbani tunaona kukata ni bora. Kwa mnada, ng'oa, kisha otesha upya.

Jambo la mbegu tuliseme hapa kwa sababu linawaangusha watu. Tabia yetu ni kula mchicha mzuri, halafu ule ulioharakisha kuchanua tunasema, "Huo uache uwe wa mbegu." Tazama sasa! Umechagua mbegu ya mchicha wenye haraka ya kuchanua. Mwaka kesho shamba zima litachanua upesi, nawe utalaumu udongo. Chagua miche mitano au sita yenye majani mapana na iliyochelewa kuchanua, ifunge kitambaa, mtu asiiguse. Vichwa vikikauka, vikate, vianike juu ya shuka, vipigepige, upepete. Mbegu hiyo itakutosha wewe na jirani zako.

Haya, matembele.

Matembele ni majani ya kiazi kitamu. Asili ya kiazi hicho ni Amerika ya kitropiki, kikaja kwetu kwa njia ya bahari karne nyingi zilizopita, na leo hakuna anayekiona mgeni. Zipo aina zinazopandwa kwa ajili ya viazi, na zipo zinazopandwa kwa ajili ya majani tu. Msichanganye hizo. Ukichuma sana majani ya aina ya viazi, viazi vitakuwa vidogo kama vidole, kwa sababu jani ndilo linalotengeneza chakula cha kujaza kiazi. Kwa hiyo uwe na pembe yako ya matembele ya kuchuma, na shamba lako la viazi uliache lijijaze.

Matembele hayana habari ya mbegu. Unapanda kipande cha mche wake, ambao wengine huuita marando. Kata kipande cha urefu wa sentimita 30, yaani kama rula ya mwanafunzi, kutoka upande wa nchani ambako mche ni mchanga. Kiache kivulini siku moja au mbili kinyauke kidogo. Kisha kifukie udongoni, vifundo viwili au vitatu viwe chini, ncha ibaki juu. Kati ya kipande na kipande acha tena rula moja. Mwagilia mpaka kishike, kama wiki mbili hivi. Baada ya hapo matembele hayakusumbui. Mara mbili kwa wiki yanatosha, na mahali penye unyevu hata hiyo si lazima. Yatambaa, yafunika ardhi, magugu yanakosa nafasi, na mvua ikija kwa nguvu haiuchukui udongo.

Tangu kupanda mpaka kuchuma ni mwezi mmoja au mwezi na nusu. Hapo mchicha umekwisha kukutangulia. Lakini ukishaanza kuchuma matembele, unachuma ncha zake kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Usivue mche ukabaki uchi. Acha majani ya kutosha upate nguvu ya kuchipua. Hata ndugu zetu wenye mbuzi na sungura wanajua faida ya marando yaliyozeeka.

Ugonjwa wake mkubwa ni ule wa virusi. Utaona majani yamekuwa madogo, yamejikunja, yana madoa ya njano, na mche umedumaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Unaletwa na wadudu wadogo kama inzi weupe na vidukari, lakini zaidi unaletwa na sisi wenyewe, tunapokata marando mgonjwa na kumpa jirani kwa wema. Ng'oa, choma moto, tafuta marando safi. Yuko pia fukusi, anayetoboa viazi na mashina. Yeye huingia kwa njia ya nyufa za udongo, basi pandishia udongo kwenye tuta wakati wa jua.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo penye uzito.

Mboga zote mbili zina madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, na zote mbili huupa mwili vitamini A. Vitamini hii ndiyo inayolinda macho. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri giza linapoingia. Utamwona jioni anajikwaa kwenye kigoda, anapapasa sahani yake, na mchana anacheza kama kawaida. Wazazi wengine husema mtoto huyu ni mzembe. Si mzembe. Macho yake yanaomba msaada. Baadaye macho hukauka, kioo cha jicho kikaingia kidonda, na hapo upofu huwa wa maisha. Hata mama mjamzito anaweza kupatwa na hali hiyo ya kutoona jioni.

Tuelewane vizuri. Mtoto akionyesha dalili hizo, msisubiri bustani iote. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Na yale matone ya vitamini A ambayo watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa mara mbili kwa mwaka, msiyakose. Bustani kazi yake ni kuzuia, isifike huko.

Wazee mliosikiliza redio kwa vikundi mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, mnayakumbuka haya. Jambo moja tuliongeze. Vitamini A ya majani huingia mwilini vizuri pakiwa na mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu inashibisha, lakini macho hayapati haki yake. Kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa, au tui la nazi kwa wanaopata, vyote vinafaa. Osha mboga kabla ya kukatakata, si baada. Usipike mpaka ikawa nyeusi. Kamulia ndimu, madini ya chuma yaingie vizuri. Na chai ya rangi ngoja uinywe baadaye, isiwe pamoja na chakula, kwa sababu huyazuia.

Matembele watu wengine huyanyausha juani kidogo kabla ya kupika, wakisema yanapungua utelezi. Anayependa anyaushe kivulini na si kwa muda mrefu, maana jua kali huharibu vitamini. Kwa utamu, hatuingilii ugomvi huo. Sisi wenyewe tumegawanyika ofisini.

Lakini liko neno tunalisikia ambalo hatulipendi. Ati matembele ni mboga ya shida, mgeni akija hapikiwi matembele. Kwa sababu ya neno hilo, mama anauza mchicha wake wote, anaona haya kupika matembele, ananunua kabichi. Kabichi ile nyeupe ndani, kwa vitamini A, haifiki hata karibu na jani la kijani kibichi. Basi ametoa fedha akapunguza chakula.

Sasa tuchukue kalamu. Mmejifunza hesabu, tuitumie. Tuseme tuta moja la mchicha la mita 1 kwa mita 5 limekupa mafungu 40, na kila fungu umeuza shilingi 200. Umepata shilingi 8,000. Toa mbegu shilingi 1,000, toa kubebesha samadi shilingi 1,000. Zimebaki 6,000. Vizuri. Lakini maji je? Ndoo moja asubuhi na moja jioni ni ndoo 2 kwa siku. Kwa siku 28 ni ndoo 56. Tuta kama hilo la matembele yaliyokwisha kushika, ukilipa ndoo 2 mara mbili kwa wiki, ni ndoo 16 kwa wiki nne. Hii ni mifano, kila mtu aweke hesabu zake mwenyewe katika daftari, tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna, ndoo za maji. Mkiwa na daftari, mkutano hauvunjiki kwa sauti kubwa, mtasoma tarakimu.

Katika hesabu hiyo sisi tumeona hivi. Mchicha unahitaji kisima, na matembele yanahitaji unyevu tu. Unyevu huo uko nyumbani kwa kila mmoja wenu: chini ya migomba, nyuma ya bafu, pale mnapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo matuta ya kando ya kisima yawe ya mchicha wa kuuza, na fedha zake ziingie katika mfuko wa kikundi, madaftari yapatikane. Na kila mwanakikundi achukue marando apande nyumbani kwake, watoto wachume. Isipokuwa mstari mmoja wa mwisho pale bondeni, maji ya kisima yanakotiririkia. Huo uwe wa matembele, tena usiguswe na mtu anayetaka kuumaliza. Sababu yake ni kwamba kiangazi kikikausha marando yote kijijini, mvua ikianza watu wanahangaika kutafuta mbegu ya viazi, na anayeipata amechelewa. Mstari huo ndio benki ya kijiji kizima.

Iko sababu nyingine inayofanya kipande kile kifae zaidi kwa mchicha, nayo ni ardhi. Wengi wa akina mama wanalima mahali pa kuazima. Mwenye ardhi hukubali mboga ya mwezi mmoja. Ukimwambia unataka kupanda kitu kitakachokaa mwaka, anaanza kukunja uso. Nyumbani pako hakuna wa kukukunjia uso. Kama yupo, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, na baba zetu mliokaa pale nyuma mtakaribishwa.

Kuhusu kisima chenyewe, hatuna mzaha. Kama mchicha utawekewa samadi, matuta yote yawe upande wa chini wa kisima, maji ya mvua yasije yakabeba uchafu wa samadi yakaurudisha katika maji ya kunywa. Upande wa juu pabaki majani tu.

Na dawa za wadudu. Mchicha una viwavi wanaokunja majani na kujificha ndani. Waokote kwa mkono asubuhi, ukunjue jani, uwaponde. Kwa tuta la mita 5 ni kazi ya muda mfupi, hata mtoto anaweza. Wengine hutumia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Lakini tumesikia wapo wanaonyunyiza dawa ya pamba juu ya mchicha Ijumaa na kuuza Jumapili. Jamani! Kisomo mlichopata kitumieni hapo. Kila chupa ya dawa ina karatasi yenye maandishi. Tazameni kwanza mstari wa rangi chini yake. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye ukali mdogo kuliko zote, ingawa nayo si maji. Halafu someni dawa hiyo ni ya zao gani, na baada ya kunyunyiza mnatakiwa kungoja siku ngapi ndipo mvune. Kama imeandikwa siku 14, na mchicha wenu umebakiza siku 5 kuvunwa, basi dawa hiyo haiwafai. Na kama karatasi imebanduka, au dawa imemiminwa katika chupa ya soda, msiinunue hata kwa bei ya bure. Kando ya kisima dawa hizo zisifike kabisa.

Kuna swali lililoulizwa na baba mmoja pale: mbuzi je? Ni swali zuri, maana mbuzi hawahudhurii mkutano. Matembele wanayapenda kuliko mchicha, na mbuzi mmoja kwa dakika chache anaweza kula ulichochuma kwa mwezi. Ua wa miiba ni mzuri ukiwa na urefu wa kufika kifuani. Wapo wanaopenda kupanda minyaa. Minyaa mbuzi haili, hilo kweli, na inashika upesi. Lakini utomvu wake ukiingia machoni huchoma vibaya. Tusije tukapanda bustani ya kuponya macho na kuizungushia ua wa kuyaumiza. Kama mtu tayari anayo, asiikate jua likiwa kali na upepo ukivuma, watoto wasicheze nayo, na utomvu ukimrukia jichoni aoshwe kwa maji safi mengi, kisha apelekwe zahanati.

Marando safi yako kwa yule mama anayekaa karibu na shule. Tumeyakagua jani kwa jani, hayana ugonjwa. Amesema atatoa vipande 10 kwa kila mwanakikundi, bure, ila mje na visu vyenu, na muanze kukata Jumamosi asubuhi kabla ya jua kupanda.